Dawa za Kupunguza Unene: Zinafanyaje Kazi Mwilini?

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya dawa za kupunguza unene. Huenda utashangaa. Utasema, "Sisi huku kijijini tunahangaika na malaria na homa za watoto. Habari za unene ni za watu wa mjini." Lakini subiri kidogo. Siku hizi dawa hizi zinafika mbali. Binti anayefanya kazi mjini anamletea mama yake. Mchuuzi anazitembeza mnadani pamoja na dawa za mende. Simu inaonyesha picha ya mtu mnene upande mmoja, na mtu yule yule amekuwa mwembamba upande wa pili. Kwa hiyo ni vizuri tujue dawa hizi ni nini, zinafanya nini mwilini, na ni nani anayefaa kuzitumia.

Tuanze na unene wenyewe. Kwetu mtu akinenepa tunasema amenawiri. Akikonda tunaulizana, "Jamani, ana nini huyu?" Mawazo hayo yana sababu yake. Wazee wetu waliona njaa, na waliona magonjwa yanayomaliza mwili kama kifua kikuu. Kuwa na mwili mkubwa si aibu, wala si uvivu kama wengine wanavyosema kwa dharau. Lakini mafuta yakizidi sana mwilini, huleta magonjwa.

Mwili huweka akiba kama mkulima anavyoweka mahindi ghalani. Chakula tunachokula hutupa nguvu ya kulima, kutembea, hata kupumua. Kinachobaki hugeuzwa kuwa mafuta na kuwekwa chini ya ngozi na tumboni. Siku ya njaa mwili hufungua ghala na kula akiba hiyo. Huo ni mpango mzuri sana. Taabu huanza ghala linapojaa mwaka hadi mwaka bila kupunguzwa. Mafuta huanza kuingia mahali pasipo pake, kama vile kwenye ini. Mtu huweza kupata ugonjwa wa sukari, yaani kisukari. Shinikizo la damu hupanda. Magoti huuma kwa sababu yamebeba mzigo mkubwa. Moyo nao huchoka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa watu zaidi ya bilioni 1 duniani walikuwa na unene wa kupita kiasi. Hao hawakuwa watu wa nchi tajiri peke yao.

Utajuaje kama uzito umezidi? Iko hesabu, nasi tuliosoma kuzidisha na kugawanya tunaweza kuifanya wenyewe. Pima uzito wako kwa kilo. Pima urefu wako kwa mita. Zidisha urefu kwa urefu. Kisha chukua uzito ugawanye kwa jibu ulilopata. Tuchukue mfano wa mama mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60. Kwanza, 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Pili, 80 gawanya kwa 2.56 ni kama 31. Sasa tuangalie. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25, uzito ni wa kawaida. Kuanzia 25, uzito umezidi. Kuanzia 30, huo ni unene wa kupita kiasi. Mama yetu wa mfano ana 31.

Hesabu hii ina kasoro. Haiwezi kutenganisha mafuta na misuli. Kijana anayepakia magunia bandarini anaweza kupata namba kubwa, kumbe ni misuli mitupu. Wala haifai kwa mama mjamzito. Lakini kwa watu wazima wengi inatosha kuanzia.

Madaktari hawatoi dawa za unene kwa kila anayetaka kupendeza. Kwa kawaida huziandika kwa mtu mwenye namba 30 na kuendelea. Au humwandikia mwenye 27 na kuendelea ikiwa tayari ana ugonjwa unaotokana na uzito, kama kisukari au shinikizo la damu. Tena huziandika pamoja na mashauri ya chakula na mazoezi. Mtu mwenye kilo 65 anayetaka tumbo liingie ndani kabla ya harusi si mgonjwa. Dawa hizi si zake.

Makosa ya zamani

Kabla ya kueleza dawa za leo, inafaa tujue zile za zamani. Historia yake inatisha, na baadhi ya dawa hizo bado zinauzwa kwa siri hadi leo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya baruti huko Ufaransa walikuwa wakishika unga mmoja wa manjano uitwao dinitrofenoli. Wafanyakazi hao walikonda, walitoka jasho jingi na walipata homa. Wengine walikufa. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Maurice Tainter na Windsor Cutting, walitangaza kuwa unga huo unaweza kuwa dawa ya kupunguza unene. Watu wengi waliununua. Inakadiriwa kuwa walifika 100,000.

Unga huo ulifanyaje kazi? Fikiri juu ya jiko la mkaa. Mkaa ukiwaka chini ya sufuria, moto wake unaivisha chakula. Sasa mtu aondoe sufuria na kupuliza moto kwa nguvu. Mkaa utaisha haraka, joto litakuwa kali, lakini hakuna kilichopikwa. Ndivyo dinitrofenoli inavyofanya mwilini. Mwili unachoma mafuta yake bila kupata nguvu ya kazi. Nguvu yote inatoka kama joto. Mtu anakonda kweli, lakini joto la mwili likipanda mno hakuna dawa ya kulizima. Watu waliungua ndani kwa ndani wakafa. Wanawake ambao bado ni vijana walipata mtoto wa jicho na kuwa vipofu. Mwaka 1938 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa kitu hicho hakifai kabisa kwa binadamu. Pamoja na hayo, wako wauzaji wanaokiuza kwa siri hata sasa, na kimeua watu tena katika miaka hii yetu.

Baadaye zikaja dawa za kuchangamsha ubongo. Mtu akizitumia hasikii njaa, lakini hapati usingizi, moyo unakwenda mbio, na mwishowe anakuwa mtumwa wake. Moja katika jamii hiyo, inayoitwa fentamini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1959. Bado inaandikwa na madaktari wa huko, ila kwa muda mfupi tu, na si kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Katika miaka ya 1990 watu wengi walichanganya fentamini na dawa nyingine iitwayo fenfluramini. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic huko Minnesota walieleza habari za wanawake 24 waliotumia mchanganyiko huo na ambao milango ya moyo wao iliharibika. Milango hii kazi yake ni kuzuia damu isirudi nyuma. Mwaka huo huo fenfluramini iliondolewa madukani.

Ikaja sibutramini, ambayo iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010. Ikaja rimonabanti, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2006. Hiyo iliwatia watu huzuni kubwa, wengine wakatamani kujiua. Ilisimamishwa mwaka 2008.

Ndugu msomaji atauliza, kwa nini tunataja dawa zilizokwisha kupigwa marufuku? Ni kwa sababu sibutramini haikuisha. Wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge na kahawa zinazouzwa kama "dawa za asili za kupunguza mwili". Karatasi ya nje inasema ni majani matupu. Ndani mna dawa ya kiwandani iliyokatazwa. Kwa hiyo neno "asili" juu ya pakiti lisikutoe wasiwasi.

Kuna na chai za kupunguza tumbo. Nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Ukiinywa utakwenda chooni mara kwa mara, na mzani utaonyesha umepungua. Lakini kilichotoka ni maji na kinyesi. Mafuta yako yako pale pale. Ukinywa maji, kilo zinarudi. Vidonge vya kukojoa navyo ni vivyo hivyo, na vikitumiwa ovyo vinaweza kuvuruga chumvi za damu na kuudhuru moyo.

Dawa inayozuia mafuta ya chakula

Dawa moja ambayo imedumu ni orlistati. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1999. Ni kidonge kinachomezwa wakati wa kula, na kazi yake inafanyika ndani ya utumbo.

Mafuta ya kupikia yakifika tumboni hayawezi kuingia katika damu jinsi yalivyo. Ni lazima yakatwekatwe kwanza. Mwili una vitu maalumu vya kukata mafuta hayo, kama wembe mdogo mdogo. Orlistati hufanya wembe hizo ziwe butu. Kwa hiyo karibu theluthi ya mafuta uliyokula hayakatwi. Ukila vijiko 3 vya mafuta, karibu kijiko 1 kinapita moja kwa moja na kutoka na choo.

Hapo ndipo penye kero yake. Mafuta yanayopita hivyo huteleza. Mtu aliyekula chapati za mafuta mengi na nyama ya kunona akameza orlistati, anaweza kushtukia nguo imechafuka kabla hajafika chooni. Wengine husema dawa hii inakufundisha kula vizuri kwa kukuaibisha. Halafu, vitamini A, D, E na K husafiri pamoja na mafuta, nazo hupotea. Ndiyo sababu mtumiaji hushauriwa kumeza vitamini wakati mwingine, kwa mfano anapokwenda kulala. Faida yake si kubwa sana. Katika mwaka mmoja, watu waliotumia orlistati walipungua kama kilo 3 zaidi ya wale waliobadili chakula tu bila dawa.

Kwa maoni yetu, mtu anayekula ugali, mchicha na maharage yenye mafuta kidogo hana sababu ya kununua orlistati. Hakuna mafuta ya kuzuia.

Sindano zinazozungumza na njaa

Sasa tuje kwenye dawa ambazo watu wanazisema sana: semaglutidi na tirzepatidi. Semaglutidi huuzwa kwa jina la Ozempic kwa wagonjwa wa kisukari, na kwa jina la Wegovy kwa watu wenye unene wa kupita kiasi.

Ili kuzielewa, tujiulize: ni nani anayekuambia umeshiba? Wengi watajibu, "Tumbo, likijaa." Ni kweli, lakini si yote. Chakula kikifika kwenye utumbo, utumbo hutuma wajumbe. Wajumbe hao huitwa homoni. Homoni ni kitu kidogo sana kinachosafiri katika damu na kupeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Mjumbe mmoja mkubwa wa shibe anaitwa GLP-1. Ana kazi tatu. Anakwenda kwenye kongosho na kusema, "Chakula kimekuja, toa insulini, sukari isizidi katika damu." Anakwenda kwenye tumbo na kusema, "Usifungue mlango wa chini haraka, acha chakula kitoke polepole." Na ubongo unapata habari kwamba imetosha, mkono uache sahani.

Mjumbe huyu haishi sana. Baada ya dakika kama 2 tu mwili humvunja. Kwa hiyo wataalamu walipomgundua katika miaka ya 1980 walifurahi, kisha wakakwama. Ungemchoma mtu sindano ya GLP-1, lakini kabla hujafunga kibuyu chako cha dawa, imekwisha kazi.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico kuna mjusi mkubwa mwenye sumu, anaitwa mjusi wa Gila. Anakula mara chache tu kwa mwaka. Daktari mmoja wa New York, John Eng, alichunguza sumu ya mjusi huyo. Mwaka 1992 alitangaza kuwa ameona ndani yake kitu kinachofanana na GLP-1 ya binadamu, ila hakivunjiki upesi. Kutokana na kitu hicho ikatengenezwa dawa ya kisukari iitwayo eksenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005. Ilichomwa mara 2 kwa siku.

Wako wanaosema semaglutidi ni sumu ya mjusi. Si kweli. Semaglutidi imeundwa kwa kufuata GLP-1 ya binadamu, ikabadilishwa kidogo ili mwili usiweze kuivunja haraka. Hutengenezwa kiwandani kwa msaada wa hamira, ile jamii ya hamira inayoumua mkate. Inakaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo huchomwa mara 1 tu kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono. Iliruhusiwa Marekani kwa kisukari mwaka 2017, na kwa unene mwaka 2021. Tirzepatidi ilifuata mwaka 2022 kwa kisukari na mwaka 2023 kwa unene. Hiyo huiga wajumbe wawili kwa pamoja. Mwaka 2024 Joel Habener, Svetlana Mojsov na Lotte Bjerre Knudsen walipewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utabibu huko Marekani, kwa kazi yao juu ya GLP-1 na dawa zilizotokana nayo.

Basi anayetumia dawa hii haungui kama wale wa unga wa manjano. Hakimbizwi moyo kama wale wa vidonge vya kuchangamsha. Anashiba upesi na anakaa na shibe muda mrefu. Wengi husema kuwa ile sauti ya kichwani inayowaza chakula kutwa nzima imenyamaza. Akila kidogo, mwili unafungua ghala la mafuta.

Je, wanapungua kiasi gani? Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 1,961. Wote walifundishwa juu ya chakula na mazoezi. Baadhi walichomwa semaglutidi, na wengine walichomwa sindano isiyo na dawa ndani, bila kujua ni ipi. Baada ya wiki 68, waliopata dawa walikuwa wamepungua karibu kilo 15 katika kila kilo 100 za uzito wao. Wale wengine walipungua kama kilo 2 na nusu. Katika uchunguzi mwingine, waliopata tirzepatidi kwa kipimo kikubwa walipungua karibu kilo 21 katika kila 100 kwa wiki 72.

Faida nyingine ni ya moyo. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya watu 17,604 wenye uzito uliozidi ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu. Katika kila watu 1,000 waliochomwa sindano isiyo na dawa, kama 80 walipata mshtuko wa moyo au kiharusi, au walikufa kwa magonjwa ya namna hiyo. Katika kila 1,000 waliopata semaglutidi, walikuwa 65. Watu 15 si wengi ukisoma harakaharaka. Lakini kila mmoja wao ana nyumba na watu wanaomtegemea.

Ukiacha dawa

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Watu hufikiri kuwa dawa ya unene ni kama dawa ya malaria. Unameza, ugonjwa unaisha, unaacha. Sivyo. Dawa hizi hufanya kazi wakati ziko mwilini tu. Ukiacha, mjumbe wa shibe anaondoka na njaa inarudi. Tena inarudi kwa nguvu. Mwili uliopungua huona kama ghala limeibiwa, hivyo hukusukuma ule, na hupunguza matumizi yake ili ujaze ghala upya. Katika uchunguzi ule wa semaglutidi, watu walifuatwa mwaka 1 baada ya kuacha dawa. Walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili za uzito waliopoteza. Aliyepoteza kilo 15 alirudisha kama kilo 10.

Kwa hiyo mtu anayeanza inampasa ajiulize kama ataweza kuendelea kwa miaka. Nayo bei si ndogo. Wegovy ilipotoka Marekani mwaka 2021, bei iliyotangazwa ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Bei inatofautiana kati ya nchi na nchi, na imekuwa ikishuka mahali pengine. Lakini mtu akiuza ng'ombe ili anunue dawa ya miezi 3, mwezi wa nne hana ng'ombe, na kilo zinaanza kurudi.

Jambo jingine. Mwili ukipungua haraka, haupotezi mafuta peke yake. Misuli nayo hupungua. Kwa mkulima, misuli ndiyo jembe lake. Anayetumia dawa hizi ale vyakula vya kujenga mwili hata kama hana hamu: maharage, kunde, dagaa, mayai, maziwa. Wala asiache kazi za mikono.

Madhara, na nani asizitumie

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Hutokea zaidi mwanzoni na kila kipimo kinapoongezwa. Ndiyo sababu daktari huanza na kipimo kidogo sana. Semaglutidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na kwa kawaida huongezwa baada ya wiki 4. Mtu mwenye haraka akianza na kipimo kikubwa, atatapika mpaka maji ya mwili yaishe na figo zidhurike.

Wachache hupata vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Wachache zaidi huvimba kongosho. Dalili yake ni maumivu makali sana ya tumbo la juu, yasiyokoma, ambayo huweza kupita hadi mgongoni. Hiyo si ya kungoja hadi kesho. Acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mjamzito asitumie dawa hizi. Anayetaka kupata mimba aache semaglutidi angalau miezi 2 kabla. Wanawake wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango wajue kuwa tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge hivyo, hasa wakati wa kuanza na kila inapoongezwa. Wamwombe mganga njia nyingine kwa wiki 4. Panya waliopewa dawa za jamii hii walipata uvimbe wa tezi ya shingo. Kwa binadamu jambo hilo halijathibitishwa, lakini mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kupata saratani ya tezi hiyo amweleze daktari kabla ya kuanza.

Wagonjwa wa kisukari wawe waangalifu kwa namna yao. Dawa hizi peke yake ni nadra kushusha sukari mno. Lakini zikichanganywa na insulini, au na vidonge kama glibenklamidi ambavyo wengi wenu mnapewa, sukari inaweza kushuka ghafla. Mtu hutetemeka, hutoka jasho baridi, huchanganyikiwa, hata kuzirai. Kama bado anaweza kumeza, apewe kitu cha sukari mara moja. Kama hawezi, akimbizwe hospitali. Kisha daktari ndiye apunguze vidonge vile, si mgonjwa mwenyewe.

Na kama umekonda bila dawa, bila kupunguza chakula, usishangilie. Nenda ukapimwe. Kifua kikuu, kisukari na virusi vya UKIMWI vyote hukondesha.

Sindano za bandia

Dawa ikipendwa sana, matapeli hawako mbali. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutidi za bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Huko Austria, mwaka huo wa 2023, watu walilazwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya baada ya kujichoma sindano walizodhani ni semaglutidi. Ilidhaniwa kuwa ndani mlikuwa na insulini. Kama huko kwenye wakaguzi wengi yametokea, je, kwenye meza ya mnadani?

Kwa Tanzania, dawa zinazoruhusiwa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Duka la dawa lenye kibali litakuuliza cheti cha daktari. Asiyekuuliza cheti, muulize yeye kibali.

Kuna na jambo la joto. Sindano hizi kabla ya kuanza kutumiwa hukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Zisigande, wala zisipigwe na jua. Sasa mwanao mpendwa anafunga sindano kwenye mfuko wa rambo, anampa utingo wa basi. Basi linatoka alfajiri, linaharibika njiani, linafika jioni. Dawa imeshinda juu ya injini. Ukiitazama utaona ni maji meupe kama kawaida, lakini huenda imekwisha nguvu. Mtoto amefanya kwa upendo, na mzee hapendi kumvunja moyo, basi anajichoma. Ni afadhali kumpigia simu na kumwambia, "Mwanangu, nashukuru, lakini hii safari ya pili tuende wote kwa daktari kwanza."

Ukiwa umeletewa dawa ya namna yoyote ya kupunguza mwili, usiitupe wala usianze. Ichukue na boksi lake na karatasi yake, uende nayo zahanati au kituo cha afya. Chukua na dawa zako nyingine zote unazotumia, hata za mitishamba. Mganga atapima uzito, urefu, shinikizo la damu na sukari. Kama hawezi kuamua, atakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Nyingi za sindano hizi zina umbo la kalamu, na kalamu moja inaweza kuwa na dawa ya mara kadhaa. Kwa hiyo wako wanaonunua moja na kuchangia, mtu na dada yake au mtu na shoga yake. Hudhani kuwa wakibadili ncha ya sindano hakuna ubaya. Ubaya upo. Damu kidogo isiyoonekana huweza kurudi ndani ya kalamu, na kwa njia hiyo UKIMWI na homa ya ini huweza kupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kalamu ni ya mtu mmoja. Ncha iliyotumika iwekwe kwenye kopo gumu lenye kifuniko, mbali na watoto, na kopo likijaa lipelekwe zahanati.